Kusomea Biashara kwa Macho ya Imani



Kila mwaka, mara baada ya matokeo ya kidato cha sita kutangazwa, ofisi za parokia hupokea vijana wanaohitaji barua ya utambulisho kwa ajili ya kujiunga na vyuo. Anayekwenda kusomea uuguzi au ualimu hupewa barua pamoja na pongezi. Anayeingia seminari huletewa hata zawadi na majirani. Lakini kijana akisema kwamba amechaguliwa kusomea usimamizi wa biashara, mara nyingi atasikia utani wa ngamia na tundu la sindano, na mzee mmojawapo wa baraza la walei atamwuliza kama alikosa alama za kusomea udaktari. Tumeona vema juma hili tuutafakari utani huo, kwa sababu nyuma yake kuna fundisho, tena fundisho potofu: ya kwamba yako masomo ya Mungu na yako masomo ya fedha, na kwamba Mkristo aliyechagua hayo ya pili amehamia nje ya uzio wa Kanisa, akirudi Dominika kutoa sadaka, na siku ya harambee kutoa zaidi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, uliuhesabu utengano huo wa imani na maisha ya kila siku miongoni mwa makosa mazito ya nyakati zetu. Maandiko Matakatifu nayo hayautambui. Lidia, mwanamke wa Thiatira aliyeuza vitambaa vya zambarau, ndiye aliyewafungulia mitume nyumba yake kule Filipi. Akwila na Priskila walikuwa mafundi wa mahema, na Mtume Paulo alikaa kwao Korintho akifanya nao kazi ileile. Yosefu aliwaokoa Wamisri na njaa kwa ndoto aliyofunuliwa, ni kweli, lakini pia kwa mpango wa maghala: sehemu moja ya tano ya mavuno ya miaka saba ya neema iwekwe akiba. Ndoto bila ghala isingemlisha mtu. Naye Yethro, kuhani wa Midiani, alipomwona mkwewe Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, alimwonya kwamba atajichosha yeye na watu wake, akamfundisha kugawa madaraka kwa wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Ni somo kamili la uongozi, na aliyelitoa hakuwa hata Mwisraeli.

Wako pia watakatifu na watawa waliolichukulia soko kwa uzito kuliko sisi tunavyolichukulia. Mwaka 1494 kilichapishwa kule Venice kitabu cha hisabati cha mtawa Mfransisko, Luca Pacioli. Ndani yake alieleza kwa utaratibu njia waliyoitumia wafanyabiashara wa mji huo kutunza hesabu, ambayo kila muamala huandikwa mahali pawili, upande wa kupokea na upande wa kutoa, hata pande zote mbili zikalingana. Hakuibuni njia hiyo yeye. Aliikuta sokoni, akaipanga, akaifundisha. Akawashauri wafanyabiashara waanze vitabu vyao kwa jina la Mungu na alama ya msalaba. Wahasibu wa dunia nzima wanamheshimu hadi leo kama baba wa fani yao, na wengi wao hawajui kwamba alikuwa anavaa kanzu ya Mtakatifu Fransisko. Wahenga wetu, bila kumsoma, walifika palepale waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Tukija kwenye Injili yenyewe, tunakutana na yule wakili dhalimu wa Injili ya Luka, sura ya 16, ambaye husomwa katika Dominika ya 25 ya Mwaka C na kuwatia jasho wahubiri wengi. Meneja amefuja mali, ameachishwa kazi, na kabla hajakabidhi ofisi anawapunguzia wadeni wa tajiri wake hati zao. Tajiri anamsifu. Bwana wetu hakuusifu wizi. Alichotaka tukione ni ule wepesi wa akili, yule mtu aliyejua saa ngapi imefika na akatenda kabla giza halijaingia, na akasikitika kwamba wana wa nuru hawana wepesi huo katika mambo yao. Nani atabisha? Tazameni mashine za kusaga za parokia zilizosimama, hosteli ambazo hakuna ajuaye zinaingiza kiasi gani, mashamba ya jimbo yanayokula fedha kila msimu na kurudisha shukrani tu. Hayakufa kwa kukosa sala. Yalikufa kwa sababu hakuna aliyehesabu uchakavu wa mashine, wala aliyejua tofauti ya faida na fedha iliyomo kwenye droo. Utakatifu hauziandiki hesabu zisizoandikwa. Mtu mcha Mungu asiyejua kazi yake, akikabidhiwa mali ya watu, atawadhulumu pasipo kukusudia. Na mjane aliyetoa shilingi zake hatajali kama zilipotea kwa nia njema.

Kwa hiyo tunasema bila kusita: vijana wetu wasomee biashara, wasomee uhasibu, ugavi, masoko, usimamizi wa watu, wasomee hadi wabobee. Lakini wasomeje? Hapo ndipo penye mgogoro.

Siku hizi kuna kitu kinachoitwa elimu ya biashara ya Kikristo ambacho, ukikifunua, ni somo lilelile la siku zote lililofunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala. Katikati hakuna kilichobadilika. Kuna na kingine kibaya zaidi: semina za ujasiriamali zenye kiingilio, ambazo msemaji hufafanua kwamba umaskini ni ukosefu wa imani, kwamba mtaji ni mbegu na madhabahu ni shamba. Tulikwisha kuona katika nchi yetu lugha hiyo inaishia wapi. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha mchezo wa fedha wa DECI, ambao watu wengi walikuwa wamejiunga nao, na ambao viongozi wake walikuwa wachungaji. Waliotoa fedha waliitwa waliopanda mbegu, na waliosubiri malipo waliitwa wanaosubiri kuvuna. Mavuno ya wa kwanza yalitoka katika mbegu za waliofuata. Hapakuwa na bidhaa, wala kiwanda, wala shamba la kweli. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Ni nani waliopoteza? Wauza maandazi, wastaafu, walimu waliokopa ili wapande.

Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu lina mafunzo mawili, na yote mawili yanahusu masomo. Aliyesoma biashara hata muhula mmoja angeuliza swali la kwanza kabisa: faida hii inatoka wapi? Fedha haizai fedha ndani ya kabati. Naye aliyeishika katekisimu yake angeuliza swali jingine: kwa nini Neno la Mungu linatumika kunizuia nisiulize? Maswali hayo mawili yalihitajiana. Imani peke yake, pasipo maarifa, iliwafanya watu wapenzi wa Mungu wawe windo jepesi.

Maarifa peke yake nayo yana makaburi yake. Kampuni ya Enron ya Marekani, iliyofilisika Desemba 2001, haikuendeshwa na wajinga. Jeffrey Skilling, aliyekuwa mtendaji wake mkuu katika mwaka huohuo, alikuwa mhitimu wa shule ya biashara ya Harvard. Mwaka 2006 alipatikana na hatia mahakamani. Kampuni hiyo ilikuwa na tunu zake nne zilizochapishwa na kusambazwa kwa wafanyakazi, mojawapo ikiwa uadilifu. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi, na wengi wao akiba za uzeeni walizokuwa wameziweka katika hisa za kampuni yao wenyewe. Tangu hapo vyuo vingi duniani vimeongeza somo la maadili. Ni jambo jema, lakini somo moja la maadili kati ya masomo arobaini hufanana na kipaza sauti kilichowekwa sakristiani: kipo, ila waamini hawakisikii.

Imani hubadilisha nini, basi? Tunathubutu kusema kwamba hubadilisha kwanza namna ya kuhesabu. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu, katika Waraka wake wa tarehe 15 Mei 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba makubaliano ya mshahara kati ya mwajiri na mwajiriwa hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki. Mtu mwenye njaa hukubali lolote. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1991, Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliitambua faida kuwa alama halali ya kwamba biashara inakwenda vizuri, akaongeza jambo linalopaswa kubandikwa katika kila ofisi ya mhasibu: inawezekana hesabu zikakaa sawasawa huku watu, walio mali ya thamani kuliko zote za kampuni, wakidhalilishwa. Mwaka 2012 Baraza la Kipapa la Haki na Amani lilitoa tafakari nzima juu ya wito wa kiongozi wa biashara, likimtaka ajipime kwa mambo matatu: je, bidhaa anazouza ni njema kweli kwa wanaozinunua, je, kazi anayotoa inamkuza anayeifanya, na je, utajiri unaopatikana unagawanywa kwa haki. Naye Papa Leo wa Kumi na Nne, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, alieleza kwamba jina lake linamkumbuka Leo yule wa mwaka 1891, kwa kuwa mapinduzi ya akili mnemba yanaigusa tena kazi ya mwanadamu na heshima yake. Mwanafunzi Mkatoliki wa biashara anayemaliza miaka mitatu chuoni bila kuzisikia hati hizi amenyimwa urithi wake.

Lakini hati hazitoshi. Mafundisho huonekana yana makali pale yanapogusa kesi. Tuchukue moja ya zamani. Mtakatifu Thomasi wa Akwino, katika karne ya 13, alijadili habari ya mfanyabiashara anayefikisha nafaka mahali penye upungufu, ambapo bei iko juu. Yeye anajua kwamba nyuma yake wafanyabiashara wengine wanakuja na nafaka nyingi, wanunuzi hawajui. Je, anawajibika kuwaambia? Tuihamishie kwetu: lori la mahindi limefika Mwanza kutoka Songea, gunia linauzwa ghali, na dereva ana ujumbe katika simu yake kwamba malori mengine ishirini yamevuka Dodoma. Auze kwa bei ya leo akanyamaza?

Wengi wetu tungetarajia mtakatifu ampige marufuku mara moja. Hakufanya hivyo. Alijibu kwamba kwa kipimo cha haki, mwuzaji huyo hadhulumu akiuza kwa bei aliyoikuta, maana yanayokuja bado hayajafika. Lakini angekuwa na fadhila kubwa zaidi kama angewaambia, au angepunguza bei. Tunalipenda jibu hili kwa sababu halimfanyi mfanyabiashara kuwa mwizi kwa kuwa tu ana habari, na wakati uleule halimwachi alale akidhani kwamba kutokuwa mwizi ndiyo kilele cha Ukristo. Kati ya haki na fadhila kuna uwanja mpana, na humo ndimo mlei mwenye duka anamotafuta utakatifu wake. Hata hivyo, sisi tungemwuliza mwanafunzi swali la ziada: wanunuzi hao ni nani? Kama ni mwenye kiwanda cha pombe, shauri moja. Kama ni mama anayenunua kilo mbili kwa ajili ya watoto ambao hawajala tangu jana, shauri jingine kabisa. Thomasi huyohuyo alifundisha kwamba katika shida iliyozidi, mali huwa ya wote. Darasa linaloweza kubishana juu ya kesi hiyo kwa saa mbili, likiwa na bei halisi za soko mezani na Injili mezani, ndilo darasa la biashara kwa macho ya imani. Sala ya kufungulia ifanyike pia, bila shaka.

Ziko kesi nyingine ambazo hazihitaji saa mbili. Lumbesa haihitaji Thomasi wa Akwino. Mkulima anajaza gunia, kisha anashonewa kilemba juu yake, na gunia na kilemba vinalipwa kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, na nabii Amosi alikwisha kuwakemea wale waliosubiri Sabato ipite ili waipunguze efa, waiongeze shekeli na kuipotosha mizani. Wanunuzi wa lumbesa wengine ni waamini wetu, wanakaa viti vya mbele, na wamechangia bati za kigango. Bati hizo zimetoka katika vilemba vya magunia ya wakulima ambao wenyewe wanasali chini ya mwembe. Mwanafunzi wa ugavi atakayeajiriwa na mnunuzi wa namna hiyo atafanya nini siku ya kwanza? Hilo ndilo swali la mtihani, na halina budi kuulizwa kabla hajapokea mshahara wa kwanza, kwa sababu baada ya hapo sauti huwa ndogo.

Na uongozi? Kwa kawaida tukifika hapa tunataja kuoshwa kwa miguu ya mitume, tunaguswa, tunaendelea na maisha. Tungependa tuache machozi kidogo tuangalie mfano wa padre mmoja wa parokia aliyeuweka unyenyekevu huo katika katiba ya kampuni.

Padre José María Arizmendiarrieta alifika Mondragón, mji mdogo wa Wabaski huko Hispania, mwaka 1941, kijana wa miaka 25 aliyepoteza jicho moja utotoni. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa imekwisha miaka miwili tu nyuma. Watu walikuwa maskini na wamegawanyika. Hakuanza kwa kuchangisha mtaji. Alianza na vikundi vya kujifunza mafundisho jamii ya Kanisa, na mwaka 1943 akafungua shule ndogo ya ufundi. Baadhi ya vijana wa shule hiyo aliwaendeleza hadi wakapata elimu ya uhandisi. Watano kati yao, mwaka 1956, walianzisha kiwanda kidogo cha majiko ya mafuta ya taa, jina lake likiundwa kwa herufi za majina yao. Kilikuwa cha ushirika: wafanyakazi ndio wenyewe, na katika mkutano mkuu kila mmoja ana kura moja, mwenye digrii na mwenye nyundo. Waliamua pia kwamba malipo ya juu kabisa yasizidi mara tatu ya malipo ya chini. Kiwango hicho kimepanuliwa baadaye, lakini hadi leo kimebaki mbali sana chini ya mashirika mengine ya ukubwa huo. Mwaka 1959 walianzisha benki yao ya ushirika ili akiba za watu wa pale ziwajengee watu wa pale. Leo muungano huo una wafanyakazi takriban 70,000.

Tuwe wakweli: si hadithi ya miujiza. Mwaka 2013 kampuni yao ya vifaa vya nyumbani, iliyotokana na kile kiwanda cha kwanza, ilifilisika. Ushirika haumkingi mtu na soko. Ila tazameni kilichofuata: wafanyakazi wengi walipokelewa katika vyama vingine vya muungano huo, kwa kuwa katiba na mfuko wa pamoja vilikuwa vimeandaliwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Padre mwenyewe, aliyefariki mwaka 1976, hakuwahi kushika cheo katika kampuni hizo; alibaki paroko msaidizi na mshauri. Mwaka 2015 Kanisa lilizitambua fadhila zake za kishujaa, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu Mheshimiwa. Na tukihesabu vizuri, tangu afike hadi kiwanda cha kwanza ilipita miaka 15. Miaka 15 ya kufundisha! Sisi tunataka mradi wa kuku utoe gawio Krismasi ijayo.

Kwetu pia mbegu ilipandwa mapema. Mwaka 1960, kabla ya Uhuru, Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alianzisha kituo cha mafunzo ya jamii pale Nyegezi, ambacho kilikuja kufundisha, miongoni mwa mengine, uhasibu na uandishi wa habari. Mwaka 1998 pakawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, na kaulimbiu ya kuujenga Mji wa Mungu. Wahitimu wake wamo katika benki, halmashauri, wizara na kampuni. Chuo cha Kikatoliki kisipimwe kwa idadi ya Misa za wanafunzi. Kipimwe kwa mhitimu wake anayeketi katika bodi ya zabuni siku ile mtu anapoingia na bahasha ya asilimia kumi.

Hapa hatuna budi kusema neno lisilopendeza kuhusu nyumba yetu wenyewe. Mwanafunzi hujifunza biashara na uongozi zaidi kwa kuona kuliko kwa kusikia, na mahali pa kwanza anapomwona mwajiri Mkristo ni parokiani kwake. Mpishi wa nyumba ya mapadre analipwa lini? Mlinzi ana mkataba wa maandishi? Sheria inataka mchango wa hifadhi ya jamii wa asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri asichangie chini ya nusu yake. Je, unapelekwa kila mwezi, au mlinzi atagundua akiwa na miaka 60 kwamba jina lake halimo? Na katekista, anayezika, anayefundisha, anayeongoza ibada pale padre asipofika kwa miezi miwili, anaishi kwa nini? Mtume Yakobo ameandika kwamba ujira uliozuiliwa unalia, na kilio chake kimemfikia Bwana wa majeshi. Hakusema kwamba kilio hicho kinatoka mashambani kwa wapagani pekee. Taasisi yoyote ya Kanisa inayochelewesha mishahara na papo hapo kuendesha kozi ya uongozi wa Kikristo inafundisha kozi mbili kwa mpigo, na ile ya pili ndiyo inayokumbukwa.

Tunajua wafanyabiashara watatujibu nini, maana wametujibu mara nyingi: Baba Paroko, ukiwa mkweli duka linafungwa. Mteja anauliza mwenyewe bei yenye risiti na bei isiyo na risiti; ukimpa ya risiti tu, anavuka barabara. Hatutawadanganya. Ni kweli kwamba mara nyingine mwaminifu hupata hasara, na hasara hiyo hairudi. Wanaohubiri kwamba uaminifu hulipa daima wanauza bidhaa ileile ya mbegu na mavuno kwa jina lingine. Kristo hakuahidi faida kwa wasio na hila. Alizungumza habari ya msalaba, na msalaba una gharama ambayo haikatwi kodi. Tunachokikataa ni kwamba mwaminifu aachwe alipe gharama hiyo peke yake. Wafransisko wa Italia waliona maskini wakinyonywa na wakopeshaji, na mwaka 1462 kule Perugia wakasaidia kuanzisha mfuko wa kukopesha kwa rehani na kwa gharama ndogo. Walipingwa na wenzao Wakatoliki waliosema gharama hiyo nayo ni riba, na mabishano yakaendelea hadi Mtaguso wa Tano wa Laterano ulipoihalalisha mwaka 1515. Sisi tuna mikopo ya kausha damu katika kila mtaa, mama anachukua laki moja Jumatatu na kufikia mwisho wa mwezi kitanda chake kimebebwa. Tuna pia jumuiya ndogo ndogo zinazokutana kila juma, zinazojuana kwa majina na kwa tabia, jambo ambalo benki hulilipia ghali. Kijana wetu aliyesomea fedha anakaa katika jumuiya hiyohiyo, anasoma somo la pili, na hakuna aliyemwomba achore hata mpango wa mfuko mmoja.

Kwa sababu hiyo, kuanzia Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi jioni, kutakuwa na darasa katika ukumbi wa parokia kwa wanafunzi wote wa biashara, uhasibu na uongozi, pamoja na wenye maduka, vibanda na genge, wa dhehebu lolote. Atakayeongoza ni muumini wetu, mhasibu mstaafu, ambaye hataki malipo ila ameomba ubao mpya. Somo la kwanza litakuwa taarifa ya mapato na matumizi ya parokia yetu ya mwaka uliopita, pamoja na orodha ya mishahara. Nakala zitatolewa mlangoni. Waje na kalamu, kikokotoo na maswali, na wasiogope kuuliza la mpishi.